Cheti Hakivuki Bahari Peke Yake

Wauguzi wa Ufilipino, usajili wa ng'ambo, na mafunzo kwa jamaa zinazochanga nauli



Tarehe 8 Desemba 2020, katika hospitali moja mjini Coventry, Uingereza, mama wa miaka 90 alidungwa chanjo ya korona ya kampuni ya Pfizer. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kupewa chanjo hiyo nje ya majaribio. Muuguzi aliyemdunga, May Parsons, ni mzaliwa wa Ufilipino. Picha yao ilizunguka dunia nzima.

Watu wakiona picha kama hiyo husema, "Hawa Wafilipino wamepata njia." Ni kweli, wauguzi wa Ufilipino utawakuta Riyadh, Dubai, London, Chicago na Toronto. Lakini kile ambacho hakionekani kwa picha ni miaka ambayo kila mmoja wao hupitia kabla ya kuvaa yunifomu ya hospitali ya ng'ambo. Na wale waliokwama njiani hakuna anayewapiga picha.

Siku hizi jamaa nyingi hapa kwetu pia huuza ng'ombe, hukopa kwa sacco au hufanya harambee ili kijana aliyesomea uuguzi aende nje. Wafilipino wametangulia katika njia hii kwa zaidi ya miaka 70. Wacha tuangalie pale walipojikwaa, ili sisi tusijikwae papo hapo.

USAJILI NI KITU GANI?

Fundi wa viatu akihamia mji mwingine hubeba nyundo na sindano zake, na kesho yake anafungua kazi. Muuguzi hawezi. Yeye ameshika uhai wa watu mikononi. Kwa hivyo nchi huwa na baraza linaloweka orodha ya wale walioruhusiwa kuuguza. Jina lako likikosa katika orodha hiyo, wewe si muuguzi mbele ya sheria ya nchi ile, hata kama umehudumu wodini miaka kumi kwenu.

Kijana wa Ufilipino husoma digrii ya uuguzi kwa miaka 4. Kisha hufanya mtihani wa serikali unaosimamiwa na tume iitwayo PRC. Sheria yao ya uuguzi ya mwaka 2002 inasema mtahiniwa apate wastani wa alama 75 kwa mia, na asianguke chini ya 60 katika somo lolote. Akifaulu anapewa leseni. Leseni hiyo inafanya kazi Manila, Cebu na Davao. Akitua Toronto au Tokyo, inakuwa ushahidi tu kwamba alisoma. Haimpi ruhusa ya kumgusa mgonjwa.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo matatu:

1. Usajili hutolewa na baraza la wauguzi la nchi unakokwenda.
2. Kazi hutolewa na mwajiri, yaani hospitali au makao ya wazee.
3. Visa hutolewa na idara ya uhamiaji.

Hawa ni watu watatu tofauti, na kila mmoja anaweza kukataa hata kama wenzake wamekubali. Ajenti akikuambia "kila kitu kiko tayari," muulize: ni kipi kati ya hivi vitatu kiko tayari? Karatasi yake iko wapi?

WAFILIPINO WALIANZAJE?

Mwaka 1898 Marekani iliichukua Ufilipino kutoka kwa Wahispania. Mwaka 1906 wamishenari kutoka Marekani walianzisha shule ya wauguzi huko Iloilo, na shule nyingine zikafuata. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza na kwa mtindo wa Kimarekani. Bila mtu kupanga hivyo, wauguzi wakawa wametayarishwa kwa hospitali za nchi nyingine.

Mwaka 1948 Marekani ilianzisha mpango wa kubadilishana wageni, na wauguzi wengi wa Ufilipino wakaenda huko kwa mafunzo ya muda. Mwaka 1965 sheria ya uhamiaji ya Marekani ilibadilishwa, na njia ya kuhamia kabisa ikafunguka. Nchi za Ghuba nazo zilipopata pesa za mafuta, zilijenga hospitali na kutafuta wafanyakazi. Serikali ya Ufilipino, ikikosa ajira za kuwapa vijana wake, iliweka sheria ya kazi mwaka 1974 iliyosimamia kupeleka watu nje. Tangu hapo kwenda ng'ambo kumekuwa kama mpango wa taifa, na pesa wanazotuma nyumbani ni tegemeo la nchi.

MILANGO MINNE

Sheria za nchi hazifanani, lakini mlolongo unafanana. Kuna milango minne.

Mlango wa kwanza: vyeti. Baraza la ng'ambo halitosheki na fotokopi yako. Linataka chuo chenyewe na baraza la nyumbani vitume uthibitisho moja kwa moja. Kwa wanaokwenda Marekani, kazi hii imefanywa kwa miaka mingi na shirika lililoanzishwa mwaka 1977 kwa jina la CGFNS. Wakaguzi huhesabu hata saa ulizokaa darasani na wodini. Kuanzia miaka ya 2010 hivi, Wafilipino wengi walikataliwa katika jimbo la California kwa sababu ambayo hawakuitarajia: sheria ya huko inataka mafunzo ya darasani na ya wodini kwa somo moja yaende pamoja katika kipindi kimoja. Wao walikuwa wamesoma nadharia muhula mmoja na kwenda wodini muhula mwingine. Hawakuwa wauguzi wabaya. Ratiba ya chuo chao ndiyo haikulingana.

Mlango wa pili: lugha. Ingawa Wafilipino husomeshwa kwa Kiingereza, bado hutakiwa kufanya mtihani kama IELTS au OET. Uingereza kwa miaka mingi ilidai alama 7 katika kila sehemu ya IELTS: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Kuandika ndiko kulikowaangusha wengi, na mwishoni mwa 2018 alama ya kuandika ikashushwa hadi 6.5. Matokeo ya IELTS hudumu miaka miwili tu. Ukichelewa kwa mlango mwingine, unarudi kulipia huu tena.

Japani ni mfano mkali zaidi. Baada ya mkataba ulioanza kutumika Desemba 2008, wauguzi wa Ufilipino walikwenda huko, wakafanya kazi kama wasaidizi huku wakijifunza Kijapani. Mtihani wa taifa ulikuwa kwa Kijapani, pamoja na majina magumu ya magonjwa. Mwaka 2010 wageni 254 kutoka Indonesia na Ufilipino waliufanya. Waliofaulu walikuwa watatu.

Mlango wa tatu: mtihani wa kazi yenyewe. Marekani ni NCLEX-RN, unaofanywa kwa kompyuta. Ukijibu vizuri, kompyuta inakuletea swali gumu zaidi, hadi ijue kiwango chako. Zamani Mfilipino alilazimika kusafiri nje ya nchi ili kuufanya. Agosti 2007 ulianza kufanyiwa Manila. Uingereza tangu 2014 ina sehemu mbili: moja ya kompyuta, ambayo unaweza kuifanya ukiwa kwenu, na nyingine iitwayo OSCE inayofanyiwa huko huko. Katika OSCE unaonyesha kwa mikono vile unavyompima mgonjwa, unavyotoa dawa na unavyoandika ripoti, mwamuzi akikutazama. Nchi za Ghuba nazo huhakikisha vyeti huko vilikotoka, kisha huwa na mtihani wa kompyuta.

Mlango wa nne: kazi na visa. Mlango huu huweza kufungwa wakati wowote, na hapo hata mwenye alama nzuri hana la kufanya. Tutaona.

MAHALI WATU HUUMIA

Kwanza, ni kusomea soko badala ya kusomea kazi. Mwaka 2001 hadi 2002 Uingereza pekee ilisajili Wafilipino zaidi ya 7,000. Habari hizo ziliwasha moto. Vyuo vya uuguzi nchini Ufilipino vikaongezeka hadi kupita 400. Hata madaktari kwa maelfu walirudi darasani kusomea uuguzi, kwa sababu muuguzi alikuwa na nafasi nzuri ya kuondoka kuliko daktari. Ndipo mwaka 2006 Uingereza ikaondoa wauguzi wa kawaida katika orodha ya kazi zenye upungufu, na kufikia mwisho wa mwaka huo huo visa maalum za Marekani, 50,000, zikaisha. Foleni ikawa ya miaka. Waliolipiwa karo kwa mashamba ya wazazi wao wakamaliza digrii wakakuta mlango umefungwa.

Pili, ni kulipa ili ufanye kazi. Waajiri wa nje hutaka muuguzi mwenye uzoefu wa mwaka mmoja au miwili katika hospitali yenye vitanda. Kwa kuwa wahitimu walikuwa wengi na nafasi chache, baadhi ya hospitali za Ufilipino zilianza kuwatoza pesa vijana ili wahudumu kama "wajitoleaji." Hebu fikiria: una leseni, unazunguka na wagonjwa usiku kucha, na mwisho wa mwezi ni wewe unayelipa. Mwaka 2011 Wizara ya Afya ya nchi hiyo iliamuru hospitali zake ziachane na mtindo huo.

Tatu, ni kuharibika kwa jina. Juni 2006 maswali ya mtihani wa taifa yalivuja. Waliofanya mtihani huo walikuwa zaidi ya 40,000, na wengi wao hawakuwa wameona chochote. Lakini mapema 2007 shirika la CGFNS lilitangaza kwamba waliofaulu mwezi ule hawatapata cheti cha kwenda Marekani mpaka warudie masomo mawili yaliyovuja. Wizi wa wachache ulilipwa na wote. Wale wanaofurahia "mwakenya" na karatasi za kuvuja wakumbuke hili.

Nne, ni kushuka cheo na kushindwa kupanda tena. Canada ilikuwa na mpango, kutoka 1992 hadi 2014, wa kuleta wafanyakazi wa kukaa nyumbani kwa watu na kulea watoto au wazee. Baada ya miezi 24 ya kazi mtu aliweza kuomba ukaazi. Wauguzi wengi wa Ufilipino walipitia hapo wakisema, "Nitaingia kama yaya, kisha nitarudia uuguzi." Kumbe mabaraza hutaka uthibitisho kwamba umefanya kazi ya uuguzi miaka ya karibuni. Kubadilisha nepi miaka miwili hakuhesabiwi. Wengine walijikuta wamepata ukaazi na kupoteza taaluma.

Tano, ni mkataba wenye mtego. Huko New York kampuni moja iliwafunga wauguzi wa Ufilipino kwa faini ya dola 25,000 iwapo wangeacha kazi kabla ya muda. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba faini hiyo haiwezi kudaiwa, na kwamba vitisho vya namna hiyo vilivunja sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu. Wauguzi walishinda, lakini ni baada ya miaka mingi ya hofu.

NA NANI HUBAKI WODINI?

Mtoto wa jamaa moja akiondoka, jamaa hiyo hujenga nyumba. Lakini hospitali ya wilaya hupoteza muuguzi mwenye uzoefu, na anayebaki huangalia wagonjwa wengi zaidi ya uwezo wake. Kisha naye huchoka, naye huanza kujaza fomu.

Mshahara una sehemu kubwa katika jambo hili. Ile sheria ya 2002 iliahidi kuwapandisha ngazi ya mshahara wauguzi wa serikali. Ahadi hiyo ilikaa kwenye karatasi tu. Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo ilitoa uamuzi mwaka 2019 kwamba ahadi ni halali, na ni mwaka 2020 ndipo pesa zilipotengwa. Ni miaka 18 ya kungoja. Katika miaka hiyo 18, ni wangapi walipanda ndege?

Korona ilipoingia mwaka 2020, serikali ya Ufilipino ilizuia wauguzi wapya kuondoka, kwa kuwa nchi yenyewe ilikuwa inawahitaji. Novemba mwaka huo ikafungua, lakini kwa 5,000 tu kwa mwaka, idadi iliyoongezwa baadaye. Wauguzi walilalamika: "Mnatuzuia kwenda, na hamtulipi tukibaki." Na huko nje hali haikuwa salama. Chama cha wauguzi cha National Nurses United kilieleza Septemba 2020 kwamba Wafilipino, ambao ni karibu 4 kwa mia ya wauguzi wa Marekani, walikuwa karibu thuluthi moja ya wauguzi waliokufa kwa korona.

Kwa hivyo si haki kumlaumu kijana anayetaka kwenda. Pia si haki kusifu safari na kunyamaza juu ya wodi zilizoachwa.

ULINZI WALIOJIWEKEA

Kuna mambo mema ya kuiga. Sheria ya Ufilipino ya mwaka 1995 kuhusu wafanyakazi wa nje, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2010, ina meno:

- Ajenti aliyekuandikisha anawajibika pamoja na mwajiri wa ng'ambo. Mwajiri asipolipa, unaweza kumshtaki ajenti pale nyumbani.
- Ada ya kutafutiwa kazi imewekewa kikomo: isizidi mshahara wa mwezi mmoja. Kwa nchi zinazokataza ada hiyo, kama Uingereza, mfanyakazi hatakiwi kulipa kitu.
- Kabla ya kuondoka kuna mafunzo ya lazima kuhusu nchi unakokwenda, mkataba na haki zako.
- Kuna mfuko wa ustawi, ambao ada yake ya uanachama imekuwa dola 25 kwa mkataba. Mfuko husaidia mtu akipata shida.

Mwishoni mwa 2021 walipitisha sheria ya kuunda wizara nzima ya wafanyakazi walio nje. Tena wamefanya mikataba ya serikali kwa serikali. Ule wa Ujerumani, wa mwaka 2013, humfundisha muuguzi Kijerumani kabla hajaondoka, na gharama hubebwa na mwajiri. Muuguzi hakopi.

SISI HAPA KENYA

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kupeleka wauguzi waliofuzu lakini hawana kazi. Oktoba mwaka huo aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliopimwa Kiingereza, 10 tu ndio walifaulu. Wengi walishangaa: si tumesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi? Wafilipino wangetuambia kwamba mlango wa pili haujali ulisoma kwa lugha gani. Unajali ulijitayarisha namna gani.

Basi, kabla ya kuuza ng'ombe, jamaa ikae chini na kijana wao na kuuliza:

1. Baraza la wauguzi la nchi ile linataka nini? Soma masharti yao wenyewe, usisomewe na ajenti.
2. Je, Baraza la Wauguzi la Kenya liko tayari kutuma uthibitisho wa masomo? Leseni yake imelipiwa upya?
3. Ajenti ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA? Nenda ofisini ukaulize. Usiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani.
4. Pesa anazodai ni za nini? Ada ya mtihani hulipwa kwa wenye mtihani, na risiti hutoka kwao.
5. Mkataba unasema ataingia kama muuguzi au kama msaidizi? Kama ni msaidizi, ni kwa muda gani, na nani atalipia mtihani wa kumpandisha?
6. Akiacha kazi mapema, atadaiwa nini?
7. Mlango ukifungwa katikati, deni hili litalipwa na nani?

Fuateni utaratibu huu: lugha kwanza, kwa sababu ndiyo huangusha wengi na gharama yake ni ndogo kuliko nauli. Kisha vyeti na mtihani. Mshahara wa nje usihesabiwe mpaka karatasi zote tatu, za usajili, kazi na visa, ziko mezani. Na wakati wote huo kijana asiache wodi. Hata hospitali ndogo ya kaunti au ya misheni humwekea uzoefu hai, nao ni mali ambayo hakuna ajenti anayeuza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni nani amelipa pesa za kwenda nje na hakuenda? Alikosea mlango gani?
2. Wazazi wanapochagua chuo cha uuguzi, huuliza juu ya mafunzo au juu ya visa?
3. Zahanati yetu ina wauguzi wangapi? Wakiondoka wawili, akina mama watajifungulia wapi?
4. Tunaweza kumwomba mwakilishi wetu wa wadi nini, ili muuguzi anayetaka kubaki aweze kubaki?